Amani Kabla Tatizo Halijaisha

Mtu aliye katika dhiki akiomba amani, mara nyingi anachoomba ni dhiki yenyewe iondoke. Sioni ubaya wake. Hata Yesu pale Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke. Lakini ziko dhiki zisizoondoka upesi, na nyingine haziondoki kabisa. Namwandikia aliye ndani ya dhiki ya namna hiyo, maana huko nimekaa.

Mume wangu aliugua figo kwa miaka. Wanaoujua ugonjwa huo wanajua maisha yanavyogeuka: wiki inahesabiwa kwa zamu za kusafisha damu, maji ya kunywa yanapimwa, chumvi inapimwa, fedha zinakwisha mwezi ukiwa bado mbichi. Mchana nilijikaza. Usiku yote yalinijia kwa pamoja. Niliomba sana na nikaombewa sana, lakini moyo uliendelea kwenda mbio. Nafuu ilinijia kupitia Zaburi ya 23, ambayo nimeihifadhi tangu utotoni na nilidhani sina kipya cha kupata humo.

Isome tena taratibu. Mwanzoni Daudi anasimulia habari za Mungu: Bwana ndiye mchungaji wangu, hunilaza, huniongoza, hunihuisha nafsi yangu. Ni kama anamweleza jirani. Akifika bondeni, masimulizi yanakatika: “Naam, nijapopita kati ya bonde la uvuli wa mauti, sitaogopa mabaya, kwa maana Wewe upo pamoja nami.” Hapo hasimulii tena habari za Mungu, anasema naye. Bonde halijafupishwa wala giza lake halijapungua. Ila msafiri amegeuza uso kwa aliye kando yake.

Nikaanza kufanya hivyo hivyo na hofu zangu. Wazo likija, “Itakuwaje akifa?” sikulifukuza, kwa sababu wazo la namna hiyo ukilifukuza linarudi na wenzake. Nililigeuza likawa maneno ya kumwambia Mungu: “Bwana, naogopa atakufa. Nawe upo hapa.” Basi. Hofu haikutoweka, ila sikuwa nayo peke yangu tena, na kati ya hofu ya peke yako na hofu iliyosemwa mbele za Mungu kuna umbali mkubwa sana. Ukiniuliza amani ya Mungu ilianzaje kwangu, nitakuonyesha hapo.

Yakobo alipomkimbia ndugu yake Esau alilala njiani, jiwe likiwa mto wake. Alipozinduka alisema, “Kweli Bwana yupo mahali hapa, wala mimi sikujua.” Mungu hakuwa amefika usiku ule; Yakobo ndiye aliyetambua. Na asubuhi yake Esau bado alikuwa na hasira, safari ya Harani bado ilikuwa mbele, na huko alikokwenda alitumika kwa Labani miaka 20. Napenda kwamba Biblia haikuyafuta hayo. Mtu akikuambia kuwa ukimtambua Mungu mambo yako yatanyooka kesho, mwulize Yakobo.

Neno kutambua linawatatiza wengi, kwa kuwa wanangoja kuhisi kitu: joto kifuani, machozi, utulivu wa ghafla. Nilikuwa na siku nyingi ambazo sikuhisi chochote. Mtoto aliyelala hahisi kuwa mama yumo chumbani, na mama yumo. Kutambua uwepo wa Mungu ni kuuchukua kuwa kweli na kuenenda hivyo, hisia zije au zisije.

Hapo nilifaidika sana na habari za Ndugu Lawrence, mtawa Mkarmeli wa Paris aliyefariki mwaka 1691. Alikuwa mlemavu wa mguu, na kwa miaka mingi alifanya kazi ya jikoni, kazi ambayo kwa asili hakuipenda. Zoezi lake lilikuwa kuzungumza na Mungu katikati ya masufuria na kelele, hata akasema wakati wa kazi kwake haukutofautiana na wakati wa sala. Naye pia alipitia miaka ya mateso makali ya rohoni kabla ya kutulia.

Kwangu zoezi hilo lilikaa kwenye mambo madogo. Nikinawa mikono kabla ya kumhudumia, nilisema, “Bwana, upo hapa nasi.” Nikikaa kwenye benchi kusubiri majibu ya vipimo, hivyo hivyo. Simu ikiita usiku, kabla ya kuipokea, hivyo hivyo. Chagua sentensi fupi, kwa sababu akili iliyochoka haibebi sala ndefu, na uitamke kwa sauti polepole, hata pumzi ipate nafasi ya kushuka. Usijilaumu ukisahau siku nzima. Ukikumbuka, anza pale ulipokumbukia.

Kuna andiko ambalo wanaoteseka huambiwa kama karipio: “Msijisumbue kwa neno lo lote.” Anayelinukuu huwa anaruka sentensi inayolitangulia katika Wafilipi 4: “Bwana yu karibu.” Paulo aliandika hayo akiwa kifungoni, na hakusema acheni kujisumbua kwa sababu mambo si mabaya. Mambo yake yalikuwa mabaya. Alisema hivyo kwa sababu ya aliye karibu. Ukienda kumfariji mgonjwa au mfiwa, tafadhali usimpelekee nusu ya andiko.

Wala usimkataze kulia. Yesu, ambaye hakuna aliyemjua Baba kuliko yeye, alisema, “Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa,” kisha akawaomba rafiki zake wakeshe pamoja naye. Kama yeye alihitaji watu, wewe ni nani ubebe peke yako? Mwambie mtu mmoja ukweli wote. Pia lala, na ule. Nabii Eliya alipoomba afe chini ya mti wa mretemu, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena. Sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye, kwenye mlima Horebu. Na kama wiki zinapita hulali, chakula hakipiti, au unawaza kujiua, nenda kwa daktari leo, na mwambie mtu aliye karibu nawe. Dawa na sala hazigombani.

Na wewe unayepigwa nyumbani: Mungu kuwa pamoja nawe si amri ya kubaki hapo. Atakuwa nawe pia ukiwa njiani kwenda mahali salama. Toka.

Mume wangu alifariki. Nilikuwa nimemshika mkono, na nilisema sentensi ile ile, nikilia, na amani ilikuwapo pamoja na kilio. Sijui namna ya kukueleza vizuri zaidi ya hivyo. Kilio kiliendelea kwa muda mrefu, na siku nyingine kinarudi hata sasa.

Kama leo huna hata sentensi moja ya kwako, anza na Zaburi ya 88. Haina mwisho mzuri; inaishia gizani. Lakini tangu mstari wa kwanza inamsemesha Mungu, na haimwachi hata inapomlalamikia. Isome kwa sauti, polepole. Ukifika palipo na dhiki ya mtunzi, taja ya kwako kwa jina lake: ugonjwa, deni, kaburi, mtoto asiyerudi nyumbani. Kesho uirudie, uone kama kuna jipya la kumwambia.