Kabla Hujavuka Kwenda Rusinga na Mfangano

Mkazi wa Kisumu akitaja likizo ya kisiwani, aghalabu fikira zake hukimbilia Lamu au Unguja, ilhali visiwa vya Rusinga na Mfangano, vilivyo katika Ziwa Victoria, anaweza kuvifikia bila hata kupanda ndege. Mimi nami niliishi Kisumu miaka mingi kabla sijavuka, na nilipovuka, mwezi wa Agosti, nilikosea kwa kupanga kuviona vyote viwili kwa siku mbili, nilale mji wa Mbita, ulio ufuoni, usiku mmoja tu.

Njia ninayoipendelea ni kupitia Bondo hadi Luanda Kotieno, kisha kupanda feri, ambayo hubeba hata magari, hadi Mbita. Kutoka hapo Rusinga ni kuvuka daraja tu. Wengi huenda moja kwa moja kwenye kaburi la Tom Mboya, waziri wa Kenya aliyepigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na jengo lililojengwa juu ya kaburi hilo lina umbo la risasi. Usiridhike kupiga picha nje na kuondoka. Ingia ndani, uutazame mkoba aliokuwa nao siku ile, kisha umpe mtunzaji nafasi ya kukusimulia, kwa kuwa simulizi hiyo ndiyo hasa utakayorudi nayo nyumbani.

Rusinga ndiko pia Mary Leakey, mtafiti wa visukuku, alikogundua, mwaka 1948, fuvu la Proconsul, kiumbe wa jamii ya sokwe aliyeishi miaka ipatayo milioni 18 iliyopita. Fuvu lenyewe halipo kisiwani, na kwa macho ya mgeni eneo la visukuku ni makorongo na mawe matupu. Nenda na mwenyeji anayeijua ardhi hiyo, la sivyo utachomwa na jua bure.

Mfangano ndiko nilikofunzwa adabu. Tulifika kwa boti asubuhi, ziwa likiwa shwari, tukapanda mlimani hadi Kwitone kuona michoro ya kale ya miduara myekundu na myeupe kwenye mwamba, ambayo husemekana kuwa kazi ya Watwa walioishi huko kabla ya Wasuba. (Usiiguse wala kuimwagia maji ili ing'ae kwenye picha, baadhi ya wageni wamefanya hivyo, na rangi ikishatoka hairudi.) Mpando ule ni mkali kuliko nilivyodhani, na tuliporejea ufuoni alasiri upepo ulikuwa umekwisha kuvuruga maji. Nahodha alitazama mawimbi, akanitazama mimi, akasema, "Mwalimu, leo hatuondoki." Nilibisha kidogo, kwa aibu yangu. Kwa hiyo weka usiku mmoja wa Mfangano kwenye bajeti tangu mwanzo, safiri asubuhi, na usikubali kuketi katika boti isiyokupa jaketi la kujiokolea, hata kama abiria wengine wanakucheka.

Kuhusu kuogelea, mchanga mweupe wa kisiwa jirani cha Takawiri unashawishi kweli, lakini Ziwa Victoria lina kichocho, hasa kwenye maji yaliyotulia kando ya mimea, wanakoishi konokono wanaoeneza ugonjwa huo. Mimi hutembea mchangani tu. Chandarua nacho si cha kusahau, kwa sababu malaria ipo kote huko.

Usiku ule wa kukwama nilikaa nje baada ya kula samaki aina ya ngege kwa ugali, nikaona taa za wavuvi wa omena, yaani dagaa wa ziwa hili, zimetapakaa ziwani kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji. Omena huvuliwa kwa taa wakati wa giza, mbalamwezi ikiwaka taa hazina kazi, na kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi huo hufungwa ili samaki wazaane. Ukitaka kuziona, nenda kuanzia Agosti, na utazame kalenda ya mwezi kabla ya kulipia chumba.