Maswali na Majibu: Usiniulize Lini, Niulize Imepimwaje

Barua zimejaa tena, na nyingi zinaanza na neno "lini". Lini tetemeko litapiga, lini betri mpya itatoka, lini ncha za sumaku zitageuka. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Zilizorudiwa nimezijibu kwa ufupi, kwa sababu nilikwisha kuzijibu.

Shikamoo. Nimetumiwa ujumbe kwenye simu kwamba wataalamu wametabiri tetemeko kubwa la ardhi wiki ijayo. Niihamishe familia yangu?

Marahaba. Usihame kwa ajili ya ujumbe huo, na tafadhali usimtumie mtu mwingine. Hakuna aliyewahi kuonyesha njia ya kutabiri tetemeko inayofanya kazi kila inapojaribiwa, awe mwanasayansi, mpiga ramli au programu ya kompyuta. Utabiri wa kweli hutaja vitu vitatu kwa pamoja: wakati, mahali na ukubwa. Ukikosa kimoja tu, utatimia wenyewe, maana matetemeko ya ukubwa wa kuanzia 5 hadi 5.9 hutokea duniani zaidi ya mara 1,000 kila mwaka. Wanaosambaza jumbe hizi wanalijua hilo vizuri, na ndiyo maana nina hasira nao.

Kujaribu kumejaribiwa. Mwaka 1975 huko Haicheng, China, watu waliondolewa majumbani kabla ya tetemeko kubwa, baada ya mitetemo midogo mingi kutangulia. Dunia nzima ikadhani fumbo limefumbuliwa. Mwaka uliofuata Tangshan ikapigwa usiku watu wakiwa wamelala, bila onyo, na idadi rasmi ya waliokufa ikapita 240,000. Huko Parkfield, California, matetemeko ya ukubwa wa 6 hivi yalikuwa yakirudi kila baada ya miaka 22 kwa wastani, wataalamu wakasema linalofuata litafika kabla mwaka 1993 haujaisha. Wakatega vyombo kila upande wakasubiri. Lilikuja Septemba 2004, na vyombo vyote vile havikuona dalili ya wazi iliyolitangulia.

Kinachowezekana ni onyo la sekunde chache. Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili ardhini: ya kwanza yana kasi na hayana madhara makubwa, ya pili yanakuja nyuma kwa kasi pungufu na ndiyo yanayobomoa. Mitambo ikinasa ya kwanza, ishara ya redio huwahi kufika mjini kabla ya ya pili. Japani inawapa wananchi wake onyo la namna hiyo tangu mwaka 2007. Sekunde hizo zinatosha kusimamisha treni au kuingia chini ya meza. Ila hapo tetemeko limekwisha kuanza, kwa hiyo msiliite utabiri.

Na kwa kuwa umeuliza juu ya familia, nikuambie ambalo hukuuliza. Mpasuko wa Sagaing, ufa mkubwa wa ardhini huko Myanmar, ulijulikana kwa miaka mingi kwamba ni wa hatari. Tarehe 28 Machi 2025 ulikatika kwa tetemeko la ukubwa wa 7.7. Jengo refu lililokuwa likijengwa Bangkok, kilomita 1,000 hivi kutoka hapo, likaporomoka, na majengo mengine marefu ya jiji hilo yakabaki wima. Kama una fedha na muda wa kuhamisha watu, vitumie kumwita fundi anayejua kazi yake aziangalie nguzo za nyumba yako.

Kwa nini hakuna mvutano wa dunia kwenye kituo cha anga?

Upo. Kwenye urefu wa kilomita 400 mvutano ni karibu asilimia 90 ya huu unaotushika hapa chini. Wanaanga wanaelea kwa sababu wao na kituo chao wanaanguka pamoja muda wote, na mwendo wa kilomita 28,000 kwa saa unawafanya waikose ardhi kila wanapoanguka. Nimeliandika jambo hili mara nyingi. Ubaya wa kulikosea ni kwamba ukiamini mvutano huisha huko juu, hutaelewa kamwe kwa nini setilaiti inazunguka wala kwa nini Mwezi haututoroki.

Mwaka 2025 walisema asteroidi itatugonga mwaka 2032, kisha wakasema haitugongi. Tuwaamini vipi watu wanaobadilika hivi?

Hawakusema itatugonga. Asteroidi 2024 YR4, jiwe linalolizunguka Jua, iligunduliwa tarehe 27 Desemba 2024 na darubini iliyoko Chile. Tarehe 18 Februari 2025 uwezekano wa kutugonga Desemba 2032 ulifikia asilimia 3.1. Maana yake ni kwamba hata siku mambo yalipokuwa mabaya kuliko zote, uwezekano wa kutukosa ulikuwa karibu asilimia 97. Vichwa vya habari viliificha nusu hiyo ya pili. Kabla ya mwezi huo kwisha, hatari kwa dunia ilikuwa imeshuka hadi karibu na sifuri.

Kupanda kisha kushuka ndivyo hesabu hizi zinavyokwenda zinapokwenda vizuri. Chukua kurunzi umulike ukuta wenye nukta moja. Duara la mwanga ni mahali pote ambapo asteroidi ingeweza kupita siku ile, na nukta ni dunia. Kila usiku wa vipimo duara linasinyaa. Maadamu nukta bado imo ndani, inachukua sehemu kubwa zaidi ya mwanga uliobaki, kwa hiyo asilimia inapanda. Siku mwanga unapoiacha nukta nje, asilimia inadondoka kwa mkupuo. Hakuna aliyebadili maneno. Vipimo viliongezeka, na mtu asiyebadili hesabu vipimo vinapoongezeka ndiye wa kuogopwa.

Roketi inalipuka, kampuni inapiga makofi na kusema ni mafanikio. Hivi wanatuona wajinga?

Swali zuri, na nakuunga mkono zaidi ya ulivyotarajia. Kujifunza kwa kuvunja ni njia halali ya uhandisi. Roketi za Falcon 9 za kampuni ya SpaceX zilianguka na kulipuka kabla ya sehemu ya chini ya moja kutua wima Desemba 2015. Machi 2017 sehemu ya chini iliyokwisha kuruka ikarushwa tena, na sasa zipo zilizoruka zaidi ya mara 30 kila moja. Oktoba 2024 mnara wa kurushia uliidaka kwa mikono yake ya chuma sehemu ya chini ya Starship, roketi kubwa ya kampuni hiyohiyo, na kwa kazi ile nawapa heshima yao yote. Sehemu hiyo ina urefu wa mita 70 hivi.

Lakini mafanikio hupimwa kwa lengo lililotajwa kabla ya safari. Tazama jinsi NASA, shirika la anga la Marekani, walivyofanya na DART, chombo kilichotumwa kuligonga jiwe la angani liitwalo Dimorphos tarehe 26 Septemba 2022. Jiwe hilo lilikuwa likimzunguka mwenzake kwa saa 11 na dakika 55. Kabla ya kugonga, waliandika wazi kwamba mzunguko ukibadilika kwa sekunde 73 au zaidi, kazi imefanikiwa. Ulipungua kwa zaidi ya nusu saa. Hapo makofi yana haki. Januari 2025 sehemu ya juu ya Starship ilipovunjika na vipande kushuka juu ya visiwa vya Turks and Caicos, ndege za abiria zililazimika kubadili njia. Anayesema wamejifunza kitu anasema kweli. Anayeliita tukio hilo mafanikio anawadharau abiria wa ndege zile.

Je, ni kweli gari la kwanza la umeme lilitengenezwa miaka ya 2000?

Hapana. Gari la kwanza kuvuka kilomita 100 kwa saa barabarani lilikuwa la umeme, Camille Jenatzy akiwa usukani, mwaka 1899.

Magari ya umeme yanashika moto ovyo. Kwa nini mnayapigia debe?

Mimi simpigii mtu debe. Sweden huhesabu moto wa magari kwa kutenganisha aina zake, na hesabu hizo zinaonyesha kwamba, ukilinganisha na idadi iliyopo barabarani, ya umeme yanaungua mara chache kuliko ya mafuta. Haki inanitaka niongeze kwamba mengi ya umeme bado ni mapya, na gari jipya la aina yoyote huungua kidogo kuliko kuukuu. Hesabu hiyo itazamwe tena yatakapozeeka.

Tofauti kubwa iko kwenye tabia ya moto wenyewe. Seli moja ya betri ikipata hitilafu na kuchemka, inampasha jirani yake, jirani anampasha wa tatu, na mnyororo huo unajiendesha. Wazimamoto huhitaji maji mengi mno ili kuipoza betri nzima, na inaweza kuwaka upya saa nyingi baadaye, hata siku kadhaa. Maji ya chumvi ni adui mwingine: baada ya kimbunga Ian kuipiga Florida mwaka 2022, magari yaliyofunikwa na maji ya bahari yalianza kuwaka yakiwa yameegeshwa. Gari lililozama kwenye maji ya chumvi lisiingizwe chini ya nyumba na lisichajiwe.

Nikiri kwamba gari siliogopi sana. Naogopa baiskeli na pikipiki ndogo za umeme zenye betri zilizofunguliwa na kuunganishwa upya na mtu asiyejulikana, zikichajiwa usiku kwa chaja isiyo yake, mbele ya mlango pekee wa kutokea. Jiji la New York limepoteza watu kwa mtindo huo. Kama unayo nyumbani, itoe mlangoni leo.

Nichaji hadi asilimia 80 au 100?

Inategemea betri yako ina nini ndani. Yenye nikeli na kobalti, komea 80 kwa matumizi ya kila siku, ijaze siku ya safari ndefu. Yenye chuma na fosfati haidhuriki sana kwa 100, na watengenezaji wengi hutaka ijazwe mara kwa mara ili gari lisikosee kukadiria chaji iliyobaki. Kitabu cha gari kinaeleza. Kisomeni kabla ya kuniandikia.

Nisubiri betri za umemetuli wa yabisi, zile zisizo na kimiminika ndani, kabla ya kununua gari?

Kwanza neno. Hakuna umemetuli hapo. Ni betri ambayo kati ya ncha zake mbili kuna kitu kigumu badala ya kimiminika kinachoweza kuwaka. Tumeahidiwa betri hizo kwa miaka mingi. Toyota waliwahi kusema zitakuwa tayari mwanzoni mwa miaka ya 2020, na baadaye wakataja 2027 au 2028. Sisemi wanadanganya. Kazi ni ngumu kweli: vitu viwili vigumu vinatakiwa vigusane bila kuachana, huku betri ikivimba na kusinyaa kila inapochajiwa, kwa maelfu ya mizunguko, kisha vitengenezwe kwa mamilioni bila kasoro. Kinachofanya kazi mezani kwa mtafiti kina safari ndefu hadi kiwandani.

Wakati mnaisubiri hiyo, betri za kawaida zimeboreka kimyakimya mwaka hadi mwaka. Mwaka 2024 yaliuzwa magari ya umeme zaidi ya milioni 17 duniani, yakiwemo yanayotumia umeme na mafuta kwa pamoja, na yote yalitumia betri ambazo hakuna anayeziandikia habari. Kama unahitaji gari, nunua kwa kilichopo.

Ncha za sumaku za dunia zinageuka lini?

Lini tena! Mara ya mwisho zilipogeuka kabisa ilikuwa kama miaka 780,000 iliyopita, na kugeuka kwenyewe huchukua maelfu ya miaka. Ncha ya kaskazini ya sumaku inahama kuelekea Siberia, na siku hizi imepunguza mwendo hadi kilomita 35 hivi kwa mwaka, kutoka zaidi ya 50. Ramani ya sumaku inayotumiwa na meli, ndege na simu yako ilirekebishwa Desemba 2024. Hakuna zaidi ya hapo.

Kwa nini tupoteze fedha angani wakati matatizo yako ardhini?

Kwa sababu mengi ya ardhini yanaonekana vizuri ukiwa juu. Tangu mwaka 2002 jozi za setilaiti zinazofukuzana zimekuwa zikipima umbali uliopo kati yao. Ya mbele ikipita juu ya eneo lenye maji mengi, inavutwa kidogo, umbali unabadilika, na kwa njia hiyo tunajua maji ya chini ya ardhi yanavyopungua pasipo kuchimba kisima hata kimoja. Julai 2025 India ilirusha setilaiti ya NISAR, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Marekani. Rada zake huona ardhi iliyosogea kwa sentimita, hata kukiwa na mawingu, hata usiku.

Chukua na tukio la Greenland. Tarehe 16 Septemba 2023 vyombo vya kupima matetemeko duniani kote vilianza kunasa mtikisiko wa ajabu, wa mdundo mmoja, kila sekunde 92, kwa siku tisa. Hakuna tetemeko linalolia hivyo. Picha za setilaiti zikaonyesha kwamba mlima ulikuwa umeangukia ghuba nyembamba ya Dickson, mashariki mwa Greenland. Barafu iliyokuwa imeushikilia chini ilikuwa imeyeyuka ikawa nyembamba. Maji yalirushwa hadi mita 200 kwenda juu, kisha yakabaki yakiyumba kutoka ukingo hadi ukingo wa ghuba kama maji ya beseni lililosukumwa. Baadaye setilaiti ya SWOT, iliyorushwa Desemba 2022, ilionekana kuwa imepima mteremko wa maji yale yalipokuwa bado yanayumba.

Hakuna aliyekufa, kwa kuwa siku hiyo hapakuwa na mtu pale. Meli za watalii hupita kwenye ghuba za eneo hilo.