Umedahiliwa vyuo viwili na mkopo haujajibiwa: uthibitishe kipi?

Mdogo wangu, kwanza hongera. Nimerudia kusoma swali lako ili nisikujibu juu juu. Vyuo viwili vimekuchukua: kimoja kina jina kubwa na kimekupa ufadhili wa nusu ada, kingine hakivumi, ada yake ni ndogo lakini hakijakupa hata senti. Mkopo ulioomba bado uko kimya, mwisho wa kuthibitisha nafasi ni wiki ijayo, na mjomba yuko tayari kukudhamini benki. Waliotangulia kukujibu wanasema nenda kwenye jina, hela itajulikana huko huko.

Mimi nimesoma kwa mkopo, nikaulipa wote, halafu nikafanya kazi miaka kadhaa kwenye dirisha la uhasibu la chuo kimoja. Nilichokiona pale ni kwamba mwaka wa kwanza haumshindi mtu. Mwaka wa kwanza ndugu wanachangishana, mzazi anauza kitu, kila mmoja bado ana moto wa sherehe. Waliokuwa wanakaa kwenye benchi letu tangu asubuhi, bahasha mkononi, wengi wao walikuwa mwaka wa pili na wa tatu. Kwa hiyo hesabu ya ada ya mwaka huu peke yake haitakusaidia kuchagua. Piga hesabu ya kila chuo mpaka siku ya kuhitimu.

Anza na hiyo barua ya ufadhili. Namkumbuka binti mmoja alikuja na yake, imekunjwa mara nne, ana hakika chuo kimekosea kumdai ada nzima. Ukurasa wa kwanza ulikuwa pongezi tupu. Ukurasa wa pili, kifungu cha chini kabisa, kilisema ufadhili utaendelea iwapo wastani hautashuka chini ya kiwango kilichotajwa NA iwapo mwanafunzi amesajili mzigo kamili wa masomo kila muhula. Wastani wake ulikuwa mzuri tu. Ila muhula uliopita aliugua, akaacha somo moja ili apumue, akashuka chini ya mzigo kamili, ufadhili ukakatika. Hakuna aliyemwambia wakati anajaza fomu ya kuacha somo, na fomu yenyewe ilijazwa ofisi nyingine kabisa.

Basi chukua barua yako utafute mambo haya: ufadhili ni wa mwaka mmoja au wa kozi nzima? Nusu ada maana yake nusu ya ada ya kila mwaka, au kiasi kile kile hata ada ikipanda? Ada ikipanda asilimia 5 kila mwaka, mwaka wa nne unalipa karibu asilimia 16 zaidi ya ulivyoanza, na kama msaada haupandi nayo, tofauti ni yako. Uliza pia ukipata ufadhili mwingine kutoka nje, chuo kitapunguza wa kwake? Vipo vyuo vinavyofanya hivyo, na watu hushangaa baada ya kuhangaika kuomba kwingine. Majibu yote uyapate kwa maandishi. Sauti ya karani kwenye simu, hata awe mkarimu namna gani, haitakutetea mwakani. (Nilikuwa karani, najua ninachosema.)

Kisha kaa na daftari. Kila chuo safu moja, kila mwaka mstari mmoja. Weka ada, michango ya usajili na mitihani, malazi, chakula, nauli, vitabu, bima, na vifaa vya kozi yako. Vifaa usivipuuze: anayesoma usanifu au udaktari anajua vinavyokula. Toa ufadhili ulio na uhakika nao tu. Kinachobaki ndicho cha kutafutia mkopo. Wakati mwingine chuo chenye nusu ada kinakuja kuwa ghali kuliko kile kisichotoa kitu, kwa sababu ada yake ilikuwa juu tangu mwanzo na kupanga chumba jirani nacho ni balaa.

Sasa mkopo. Usitazame unachopewa, tazama utakachodaiwa. Tuseme unakopa 1,000,000 mwanzoni mwa kila mwaka kwa miaka minne, riba asilimia 8, na riba inaanza kuhesabiwa siku unapopokea. Umechukua 4,000,000. Mwisho wa mwaka wa nne, kabla hujalipa chochote, deni ni 4,800,000 kama riba ni ya kawaida, yaani inahesabiwa kwenye kiasi ulichokopa tu, na karibu 4,867,000 kama riba inazaa riba kila mwaka. Kwa hiyo waulize riba inaanza lini, unapewa muda gani baada ya kumaliza kabla ya kuanza kulipa, na je, marejesho yanafuata kipato chako au ni kiasi kile kile uwe na kazi usiwe nayo? Australia wanatumia mfumo wa kufuata kipato tangu 1989: ukiwa chini ya kiwango fulani cha mshahara hulipi. Mkopo wa benki kwa kawaida hauna huruma hiyo.

Hapo ndipo anapoingia mjomba. Kudhamini ni kusema "asipolipa, nitalipa mimi". Ukiacha chuo katikati, deni linabaki pale pale. Mwonyeshe daftari lako kabla hajasaini, na mkewe awepo. Mjomba akiuona mstari wa mwaka wa nne na bado akasema sawa, hapo umepata mdhamini.

Kuhusu wiki ijayo, mimi nisingeacha tarehe ipite nikisubiri mkopo. Leo hii waandikie vyuo vyote viwili, ueleze kwamba majibu ya mkopo hayajatoka, uombe kuongezewa muda wa kuthibitisha. Wengi hawaombi kwa sababu wanadhani ni utovu wa adabu. Wakikataa, thibitisha kile ambacho daftari linasema unaweza kukimaliza hata mkopo ukija nusu, lakini kwanza ujue amana ya kushika nafasi inarudishwa au hairudi, na ukijitoa baada ya masomo kuanza unarudishiwa kiasi gani. Vyuo vingi hupunguza marejesho kadiri wiki zinavyokwenda, kisha yanakuwa sifuri. Uliza na malipo kwa awamu, maana hata mkopo ukikubaliwa, pesa mara nyingi huingia baada ya kusajiliwa, na wiki za mwanzo utajitegemea.

Kuahirisha mwaka kunafaa kama chuo kinakubali kwa barua kukushikia nafasi pamoja na ufadhili wake. Vingine hushika nafasi tu, ufadhili unaomba upya na waombaji wapya.

Ukishapanga zile safu, zilete hapa bila jina la chuo wala la mjomba, tuzipitie pamoja.