Maji Moto Chini ya Kamelia: Majibu kwa Barua Zenu

Mwezi uliopita niliwaeleza safari yangu ya Furnas. Ni kijiji kilichokaa ndani ya shimo la volkeno katika kisiwa cha São Miguel, kimojawapo cha visiwa tisa vya Azores vilivyo chini ya Ureno. Hapo kuna bustani ya mimea iitwayo Terra Nostra, na ndani yake bwawa la maji moto yanayotoka ardhini yenyewe. Nilifika Machi 2018, mwanangu wa kike akiwa bado anasoma Lisbon. Barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotarajia. Nazijibu nne, na wengine nadhani mtajiona humo humo.

*Shikamoo mama. Mwanangu wa kwanza anafanya kazi Lisbon, amenikatia tiketi nikamwone mwezi wa tatu, na anasema tutavuka hadi kisiwa hicho. Nina miaka 58, natumia dawa za presha. Sijawahi kuoga mbele za watu, tena kwenye maji ya rangi ya matope. Nivae nini? Na presha yangu itavumilia? Na huko tutakula nini?* Mama wa Igoma, Mwanza

Marahaba, mdogo wangu. Na hongera kwa kupata mtoto anayekukumbuka.

Tuanze na rangi, maana hata mimi nilisimama ukingoni muda mrefu nikiitazama. Yale si matope. Ni chuma. Maji yanapanda kutoka chini yakiwa yameyeyusha chuma, na yakikutana na hewa, chuma kile kinapata kutu. Kama umewahi kuishi mahali penye kisima kirefu cha maji ya chuma, unajua ndoo nyeupe inavyogeuka kahawia baada ya wiki mbili. Ni jambo lile lile, ila huku ni bwawa zima. Ukiingia hadi kifuani huoni magoti yako, kwa hiyo shuka kwa ngazi taratibu huku umeshika chuma cha pembeni.

Vaa vazi la kuogelea la zamani, la rangi ya giza. Nyeusi ndiyo bora. Mimi nilitoka chumba cha kubadilishia nikiwa nimejifunga kanga yenye pindo jeupe, kisha nikajifutia nayo. Pindo lile hadi leo lina rangi ya chai ya maziwa. Nimelifua kwa sabuni ya mche, nimelipaka limao, nimelianika kwenye jua la Nyegezi linalopausha kila kitu, halikutoka. Taulo la hoteli jeupe usilipeleke. Pete na cheni ziache chumbani.

Kuhusu kuonwa na watu, nikwambie nilichokiona. Niliingia asubuhi kabla mabasi ya wageni hayajafika, mvua ya manyunyu ikinyesha. Ndani ya maji kulikuwa na akina mama watu wazima, wengine wazee kunizidi, wenye miili iliyozaa na kufanya kazi kama yetu. Walikuwa wanazungumza kwa sauti ya chini, kama wanawake kisimani. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Na maji yenyewe yanakusitiri, kwa kuwa ukishazama hadi shingoni kinachobaki kuonekana ni kichwa tu.

Sasa presha, na hapa naomba usome pole pole. Maji ya bwawa lile yana joto la kati ya nyuzi 35 na 40. Joto hilo linapanua mishipa ya damu, presha inashuka. Dawa unayomeza nayo inashusha. Vikikutana viwili hivyo, unaweza kuinuka ukaona dunia inazunguka. Mimi nilikaa karibu dakika arobaini kwa sababu ya utamu wa maji, nikatoka kwa haraka mwanangu aliponiita, na pale kwenye ngazi macho yakawa giza. Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma yangu akanishika kiwiko, akanikalisha. Hatukuwa na lugha moja. Alinipigia ishara niinamishe kichwa, akaniletea maji ya kunywa. Sijamsahau.

Kwa hiyo wewe kaa dakika kumi, zikizidi sana kumi na tano. Toka, keti kwenye benchi, kunywa maji, ukijisikia vizuri rudi tena. Kichwa usikizamishe, wala maji yasikuingie puani, maana maji ya vuguvugu ya asili yanaweza kuwa na vijidudu hatari. Kabla ya safari, nenda na vidonge vyako kliniki unakohudhuria umweleze daktari kwamba utaoga maji ya joto hilo, usikie anasemaje. Na tafadhali, usije ukaacha dozi ya siku hiyo ukidhani unayapa maji nafasi ya kufanya kazi.

Je, yanaponya? Usiku ule magoti yangu yalikuwa mepesi, nikalala kama mtoto. Siku ya tatu maumivu yakarudi. Hicho ndicho ninachoweza kukushuhudia.

Chakula umeuliza mwishoni mwa barua, nacho ni kizuri kukijibu. Kandokando ya ziwa dogo la Furnas wanachimba mashimo kwenye udongo wenye moto, wanafukia masufuria, na baada ya saa sita hivi wanafukua nyama, kabichi, viazi vitamu na, utafurahi, magimbi! Magimbi yale yanalimwa pale pale bondeni, kwenye vijito vya maji ya vuguvugu. Chakula hicho kinaitwa cozido. Huwa na nyama ya nguruwe ndani, hivyo asiyekula aulize kwanza. Mahindi mabichi yanayochemshwa kwenye mashimo ya maji moto hayana shida kwa mtu yeyote. Nilikula mawili nikiwa nimesimama barabarani.

*Shikamoo shangazi. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Mwalimu alisema mawe ya Mwanza yalitoka kwenye moto chini ya ardhi. Kama ni hivyo, kwa nini hapa kwetu hakuna maji moto?* Kijana wa Nyegezi

Marahaba mwanangu. Mwalimu wako amesema kweli, ila moto huo ulizimika zamani mno. Mawe haya tunayoyaona Capri Point, Bugando na pale majini kwenye Jiwe la Bismarck ni itale, yaani graniti, yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Yalipoa chini kabisa, kisha udongo uliokuwa juu yake ukaliwa na mvua na upepo hadi yakabaki wazi.

Maji ya mvua hugeuka moto yakipata ufa wa kushukia chini sana, au yakikutana na mwamba ambao bado una moto karibu. Kule Furnas volkeno ililipuka mara ya mwisho mwaka 1630. Kwa umri wa dunia hiyo ni jana. Sisi tumekaa juu ya kipande cha zamani cha Afrika, kigumu na kilichotulia, na Bonde la Ufa limekipita pembeni pande zote mbili. Tawi la magharibi limechimba Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita zipatazo 1,470. Ziwa letu la Victoria, pamoja na ukubwa wake wote, lina kina kisichozidi sana mita 80. Ni sinia lililowekwa kati ya mitaro miwili.

Lakini usikate tamaa, ukanda wetu haukunyimwa kabisa. Ng'ambo ya Kenya, kwenye rasi ya Homa inayoingia ziwani, kuna mlima ambao ni volkeno ya zamani na chemchemi za maji moto miguuni pake. Mkoani Mara, wilaya ya Serengeti, kuna kata inayoitwa Majimoto, na jina hilo halikutoka hewani. Ukifika sehemu kama hizo uliza wenyeji kwanza. Mengine yanaunguza: kule Bogoria, Kenya, watu walikuwa wanachemshia mayai. Vilevile kuna chemchemi ambazo wazee wanazitambikia, na ukiambiwa vua viatu, vua.

Na ukiwa mkubwa ukapata nauli, nenda Kikuletwa, wilaya ya Hai. Wengi wanapaita Chemka, wengine wanapaita Maji Moto, ingawa maji yenyewe ni ya vuguvugu tu, tena maangavu hadi unaona mizizi ya mikuyu ikinywa. Kutoka Mwanza ni siku nzima ndani ya basi.

*Mama, mimi sioni haja ya kwenda mbali. Ziwa letu saa nane mchana ni vuguvugu zuri tu, na wajukuu wangu wanaoga mwaloni kila siku bure.* Babu wa Kirumba

Shikamoo baba. Hili limenishtua kidogo, niwie radhi nikilisema wazi. Tofauti si joto. Kwenye kingo za ziwa letu zenye majani na maji yaliyotulia kuna konokono wadogo wanaobeba kichocho. Vijidudu vinatoka ndani ya konokono, hasa mchana jua likiwa kali, na vinapenya ngozi kwa dakika chache bila mtoto kuhisi kitu. Saa nane wanayoipenda wajukuu ndiyo saa mbaya zaidi. Wapeleke zahanati wapimwe, dawa ipo, na vidonge vikigawiwa shuleni wasikimbie.

Wakitaka kuoga maji ya ziwa, yachoteni, yakae siku mbili kwenye pipa lililofunikwa lisilo na konokono. Baada ya hapo vijidudu hivyo vinakuwa vimekufa. Ukiliweka pipa jeusi juani, jioni wataoga maji ya moto kweli.

*Nina eneo upande wa Ilemela, linashuka hadi ziwani, limejaa mawe. Nilitaka niyavunje niuze kokoto, ila baada ya kukusoma nawaza kufanya bustani ya mapumziko kama ile. Maji moto sina. Je, inawezekana? Nianze na mmea gani?* Msomaji wa Ilemela

Barua yako niliisoma mara tatu. Nimefundisha kilimo cha bustani miaka ishirini na minane, na nikuambie kitu nilichokiona Terra Nostra ambacho picha hazionyeshi. Watu wanakuja kwa ajili ya maji, wanaoga nusu saa, halafu wanabaki siku nzima kwa ajili ya miti.

Aliyeanza ni mfanyabiashara wa Boston, Thomas Hickling, mwaka 1775. Alijenga nyumba ya mbao mbele ya bwawa, akapanda miti. Hakuiona ikiwa hivi ilivyo leo. Walikuja wenye mali wengine wakaongeza njia, vijito na miti kutoka mabara mbalimbali, na mwaka 1935 ikafunguliwa hoteli pembeni. Sasa ni hekta kama 12. Kuna mimea yenye majani yaliyochanuliwa kama manyoya, ile tunayoikuta kwenye mabonde yenye kivuli ya Usambara, mingine ina shina refu kama la mgomba. Kuna kamelia, vichaka vya maua, za aina zaidi ya 600. Machi zilikuwa zimeanza kudondosha maua, njia nzima ilikuwa nyekundu na nyeupe, nikawa naogopa kukanyaga. Nikashika jani moja, gumu, linang'aa, lina meno pembeni, nikalitambua: ni ndugu wa mchai wetu wa Mufindi na Rungwe. Kisiwa kile kile wanalima chai, na shamba la Gorreana limekuwepo tangu 1883.

Lakini kuna jambo lililoniumiza. Nje ya bustani, milimani, kuna mmea wa jamii ya tangawizi wenye maua ya manjano yanayonukia vizuri sana. Asili yake ni Himalaya. Uliletwa kama pambo, ukatoroka, sasa umefunika makorongo na kuikosesha nafasi mimea ya asili. Nilipouona nilikumbuka magugu maji yetu. Nayo ni ua zuri la zambarau kutoka Amerika Kusini, yakaingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na wavuvi wa mialo yetu wanajua yaliyofuata. Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwako: usipande mgeni usiyemjua karibu na maji.

La pili, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kabla hujamwaga hata mfuko mmoja wa saruji, mwite afisa mazingira wa manispaa mpime pamoja. Sehemu hiyo iache iwe na majani na miti ya asili.

La tatu ni mawe. Usiyavunje, nakusihi! Jiwe ambalo limekaa miaka bilioni mbili na nusu unaligeuza kokoto kwa wiki moja, na hela yake inaisha kabla ya msimu wa mvua. Kwenye nyufa zake panda mishubiri. Pimbi watabaki, na yule mjusi wa waridi na bluu ambaye wageni wanalipa nauli ya boti kumpiga picha kisiwani Saanane atakuja mwenyewe. Penye udongo wa kina, weka mkuyu. Una kivuli, matunda ya ndege, na mizizi inayolikumbatia jiwe. Mkwaju uweke juu zaidi, pakavu.

Maji moto yasikusumbue. Usianze kukata miti upashe maji ya wageni. Tenki jeusi juu ya jiwe linatosha kwa bafu la jioni.

Jumamosi nipo kitaluni tangu saa moja asubuhi. Nimekutengea miche minne ya mkuyu, imefika magotini. Uje na gunia lililoloweshwa, na ukipanda daladala ikae chini miguuni pako, isipigwe na upepo wa dirishani.