Miti michanga ya bustani ya umma inakauka ingawa inamwagiliwa kila siku

Usiongeze maji kwanza. Fukua udongo shinani kwa mkono. Pale shina linapotanuka kuwa mizizi panatakiwa paonekane usawa wa ardhi. Ukikuta shina limezama wima kama nguzo ya umeme, mti ulipandwa kina kirefu mno: gome linaoza, mizizi inakosa hewa. Ondoa udongo uliozidi, na kama umezama sana ung'oe upandwe upya. Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya bonge la mizizi, lakini kina chake kisizidi kimo cha bonge hilo.

Jaribio la pili: siku moja baada ya kumwagilia, chomeka bisibisi ndefu ardhini. Ikigoma kabla ya sentimita 15, udongo umeshindiliwa na miguu ya watu, na hayo maji yenu yanateleza juu tu. Ng'oa nyasi kwenye duara la angalau mita 1, tandaza vipande vidogo vya mbao, tabaka lenye unene wa sentimita 5 hadi 10, uache nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Usirundike kama kichuguu, kosa ambalo hata mafundi wanalifanya.

Duara hilo pia linaizuia mashine ya kufyekea isifike shinani. Uzi wake wa nailoni ukichuna gome mzunguko mzima, mti umekwisha.

Maji: lita 40 hivi kwa kila mti, polepole, mara mbili kwa wiki, ni bora kuliko kunyunyizia kila jioni.