Maswali yenu: Rais wa Marekani, saini yake, na makarani milioni mbili

Tangu nigusie mambo ya Washington mwezi uliopita meseji hazijakatika, na nyingi zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti: yule mtu ana nguvu kiasi gani kweli? Nimechukua sita, nyingine zitasubiri.

"Kila siku naona kwenye simu rais wa Marekani anasaini jalada halafu analiinua mbele ya kamera. Akishasaini ni sheria tayari?" (Msomaji, Mwanza)

Hapana ndugu yangu, sio sheria. Ile ni amri kwa watu walio chini yake, yaani bosi anaziandikia wizara zake fanyeni hivi, acheni vile, na nguvu yake lazima itoke kwenye katiba au kwenye sheria ambayo Kongresi, yaani bunge lao, ilishapitisha, ikikosa vyote viwili mahakama inaiangusha. Mwangalie Rais Truman. Mwaka 1948 alisaini amri ya kuondoa ubaguzi wa rangi jeshini, ikasimama, maana yeye ndo amiri jeshi mkuu. Huyohuyo, Aprili 1952, vita ya Korea inaendelea na wafanyakazi wa viwanda vya chuma wanataka kugoma, akasaini amri serikali ivishike viwanda. Wenye viwanda wakakimbilia mahakamani, na mwezi wa 6 Mahakama ya Juu ikasema kwa kura 6 kwa 3 kwamba ruhusa hiyo hana. Akavirudisha, na wafanyakazi wakagoma zaidi ya siku 50. Kwa hiyo ukiona jalada linainuliwa, uliza limesimama juu ya sheria gani.

"Huku kwetu rais akiamka vibaya anatengua uteuzi usiku, asubuhi mtu hana kazi. Kwa nini wa Marekani asiwatumbue wote anaowashuku?" (Msomaji, Dodoma)

Wapo anaoweza kuwatumbua hivyohivyo, mawaziri kwa mfano, na wateule wa kisiasa ambao ni kama 4,000 hivi. Lakini serikali kuu ya kule ina watumishi raia zaidi ya milioni 2 bila kuhesabu wa posta, na wengi wao wameingia kwa kushindanishwa sifa, kumwondoa kunatakiwa sababu, barua, na nafasi ya kukata rufaa. Kinga hiyo haikuletwa na wema wa mtu, ililetwa na damu.

Karne ya 19 chama kikishinda kiligawa kazi zote kwa makada wake, kuanzia posta hadi ushuru wa bandarini, na rais mpya akiingia Ikulu anakuta foleni ya watu wanataka kazi. Mwaka 1881 kwenye foleni hiyo alikuwepo mtu anaitwa Charles Guiteau, aliandika hotuba moja ya kumpigia debe James Garfield, huyo rais mpya, na akaamini hiyo ndo iliyompa ushindi, sasa anadai ubalozi mdogo wa Paris. Alienda Ikulu, akaenda Wizara ya Mambo ya Nje, akarudi tena na tena mpaka waziri akamwambia asiitaje tena Paris. Tarehe 2 Julai akamngoja Garfield kwenye stesheni ya treni pale Washington akampiga risasi mbili. Garfield hakufa siku ile, aliteseka kitandani madaktari wakimchokonoa jeraha, akafariki Septemba 19, ana miaka 49. Januari 1883 mrithi wake Chester Arthur, ambaye mwenyewe alikulia kwenye siasa za kugawana vyeo, akasaini sheria ya kuajiri kwa mitihani. Mwanzo iligusa kama kazi moja kati ya kumi tu, ikapanuka kidogo kidogo.

Hiyo kinga ndo inayogombewa leo. Oktoba 2020 Trump aliunda kundi jipya la ajira ili watumishi wanaogusa sera waondolewe kirahisi, Biden akalifuta Januari 2021, Trump akalirudisha Januari 2025, na makadirio ya serikali yenyewe ni kwamba litagusa watu kama 50,000. Mimi napinga, nasema wazi. Rais aliyechaguliwa ana haki sera yake itekelezwe na karani mvivu awajibishwe, ila karani anayeogopa kufukuzwa kesho hatamwambia bosi wake kwamba takwimu zinasema vingine, na hasara ya hapo inamwangukia mwananchi.

"Kituo chetu cha afya kilikuwa na mama aliyelipwa na mradi wa Wamarekani, kazi yake kuwapigia simu waliokosa tarehe ya dawa. Mwanzoni mwa 2025 akaambiwa asije tena. Hela si ilishapitishwa na bunge lao?" (Muuguzi, Iringa)

Dada yangu, hili limeniuma kulisoma, na umeuliza swali lilelile wanasheria wa kule wanalopigania. Katiba yao inasema hela haitoki hazina bila sheria ya Kongresi. Je, ikishapitishwa rais anaweza kuikalia? Rais Nixon alijaribu, alizuia mabilioni ya miradi asiyoipenda, ndo Kongresi ikatunga sheria ya 1974: rais akitaka kufuta matumizi anapeleka ombi, anaruhusiwa kuzuia siku 45 wakati ombi linajadiliwa, Kongresi isipokubali hela itoke.

Sasa njoo 2025. Januari 20, siku ya kuapishwa, Trump anasaini kusimamisha misaada ya nje siku 90 ipitiwe upya, na simu ya kumwambia yule mama asije inatokea hapo. Julai 1 USAID, shirika lao la misaada lililoanzishwa na Rais Kennedy mwaka 1961, inafungwa rasmi na kilichobaki kinahamia Wizara ya Mambo ya Nje. Mwezi huohuo Kongresi yenyewe ikakubali kufuta dola bilioni 9, nyingi zikiwa za misaada ya nje, na hiyo hata kama inauma ilipita mlango wa sheria. Iliyofuata ndo mbaya. Mwishoni mwa Agosti rais akaomba kufuta karibu bilioni 5 nyingine, wakati mwaka wa bajeti wa kule unafungwa Septemba 30. Hesabu mwenyewe siku zilizobaki, hazifiki 45, yaani ombi linakaa mezani mpaka hela inaisha muda wake, na Kongresi haijasema ndiyo wala hapana. Septemba 26 Mahakama ya Juu ikaruhusu bilioni 4 ziendelee kuzuiwa kesi ikiwa bado. Kwangu mimi hiyo ni kuinyang'anya Kongresi funguo za hazina.

"Hiyo serikali ya siri ya makarani wanaomhujumu rais, ipo au haipo?" (Msomaji, Columbus, Ohio)

Nitakujibu kwa niliyemwona kwa macho. Siku ya intavyuu yangu ya uraia wa Marekani nilikaa mbele ya mama mmoja mtu mzima, miwani inaning'inia kwa kamba, faili langu limevimba mezani na kila ukurasa anaupitisha kidole. Akaniuliza ni kitu gani kinazuia tawi moja la serikali lisizidi nguvu, nikamjibu kwamba kila tawi linadhibiti mengine, akatiki. Baadaye akanitajia kwamba marais wanne wamepita yeye yuko kwenye kiti hichohicho, na hakusema hata neno moja kuonyesha alimpenda yupi. Makarani wengi ndo hao. Wapo wanaochelewesha makusudi, na huo ni utovu wa nidhamu uadhibiwe, lakini kukataa amri mbovu hadharani ni jambo jingine kabisa. Oktoba 20, 1973 Nixon alimwagiza mwanasheria mkuu, Elliot Richardson, amfukuze mwendesha mashtaka aliyekuwa anamchunguza yeye Nixon. Richardson akajiuzulu. Akaagizwa naibu wake, Ruckelshaus, naye akakataa akaondoka, mpaka wa tatu ndo akatekeleza. Hawa walikuwa wateule wa Nixon mwenyewe, na walichokataa walikikatalia mwangani.

"Kwa nini kufungia nchi viza anaweza kwa saini moja? Sisi Warundi tumeguswa." (Msomaji, Bujumbura)

Kwa sababu Kongresi ilimpa. Sheria ya uhamiaji ya 1952 inamruhusu rais kuzuia kundi lolote la wageni akiona kuingia kwao kutadhuru maslahi ya nchi, na 2018 Mahakama ya Juu ikaikubali marufuku ya Trump kwa kura 5 kwa 4. Tangazo la Juni 2025 limesimama hapohapo: nchi 12 zilifungiwa, 7 zikabanwa kwa baadhi ya viza, Burundi ikiwa kwenye hizo 7. Pole sana. Hapo wa kulaumiwa sio rais peke yake, ni waliomwandikia ruhusa pana namna hiyo.

"Mtu wa kawaida anaweza kufanya nini, au tunatazama tu?" (Msomaji, Nakuru)

Kuna mlango watu hawaujui. Idara ya Marekani ikitaka kubadili kanuni, kwa kawaida sheria ya 1946 inaitaka itangaze rasimu kwanza na ipokee maoni, mara nyingi siku 30 au 60, na sio lazima uwe raia, hata ukiwa Nakuru unaandika kwenye tovuti ya serikali bure. Hoja nzito wakiipuuza inaweza kuwagharimu mahakamani, maana jaji anataka kuona sababu: 2020 Trump alishindwa kufuta ulinzi wa vijana waliopelekwa Marekani wakiwa watoto bila vibali, na mahakama haikusema hana mamlaka, ilisema idara yake haikueleza sababu za kutosha. Andika kifupi, taja kanuni namba ngapi, eleza inakugusa vipi, na uwahi kabla dirisha halijafungwa.