Kokwa za embe zatoa gesi?

SWALI: Shikamoo Mzee Fundi. Nakamua juisi ya machungwa na maembe hapa Muheza. Maganda yanaoza nyuma ya banda, nzi hawaishi. Eti yanatoa gesi ya haidrojeni?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Yanatoa, ila si mabichi. Ganda bichi la chungwa ni maji zaidi ya robo tatu. Moto wote utaishia kuyachemsha. Lianike mpaka livunjike kama kaukau. Kokwa za embe ndizo mali, ngumu kama kuni. Kwenye tanuri la nyuzi 700 hadi 900 lenye hewa kidogo, haziwaki zikaisha, zinageuka mchanganyiko wa gesi, haidrojeni ikiwemo. Ukipuliza hewa, naitrojeni ya hewani inaizimua, haidrojeni kwa kawaida haifiki robo ya gesi yote. Ukipuliza mvuke inaweza kukaribia nusu, lakini mvuke nao unataka joto lake. Adui ni lami inayotoka pamoja na gesi: iliwahi kunigandia vali za jenereta, nyeusi, inanata kama ulimbo. Na usiwashe ndani ya banda; kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo humo, haina harufu, inaua. Maganda mabichi tia kwenye mtambo wa bayogesi, kidogo kidogo, maana mafuta ya chungwa huvidhuru vijidudu vyake.